Ndoa ya Karak na hukumu ya Akka: kisa cha Isabella wa Yerusalemu

Novemba 1190, nje ya kuta za mji wa Akka, bandari ya pwani ya Palestina, mwanamke wa miaka 18 alitolewa katika hema alimokuwa akiishi na mumewe, akapelekwa katika hema la mama yake. Jina lake Isabella, binti wa marehemu Amalric, mfalme wa Yerusalemu. Hakuwa na ugomvi na mumewe. Hata waandishi waliopendelea upande wa mama yake wanakiri kwamba alimpenda na hakutaka kumwacha. Haukupita muda, viongozi wa Kanisa waliokuwa kambini wakatamka kwamba ndoa yake ilikuwa batili tangu mwanzo, na tarehe 24 Novemba akaozwa mtu mwingine, Conrad wa Montferrat, mwenye umri uliozidi mara mbili ya wake.

Nimesoma visa vingi vya makabaila na maaskofu wa dola zile za Wapiganaji wa Msalaba. Kuna vya damu nyingi zaidi, na kuna vya ulaghai wa wazi zaidi. Hiki kinanishika kwa sababu sheria iliyotumika ilikuwa sheria njema. Kanisa la karne ya 12 lilikuwa limesimama imara, kinyume cha mazoea ya mabwana wa ardhi, likasema kwamba ndoa hufungwa na ridhaa ya wanaooana wenyewe. Si amri ya baba, si mapenzi ya mfalme. Pale Akka sheria hiyohiyo ndiyo iliyomtoa mwanamke kwa mume aliyemtaka na kumpa mume ambaye hakumtaka.

Ufalme usio na mwenyewe

Julai 4, 1187, katika vilima vya Hattin karibu na ziwa la Galilaya, jeshi la ufalme wa Yerusalemu lilivunjwa na Salahuddin. Mfalme Guy de Lusignan alitekwa. Miji ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na Oktoba 2 mwaka huohuo Yerusalemu yenyewe ikakabidhiwa kwa mapatano. Tiro peke yake, kati ya bandari za ufalme ule, ilibaki mikononi mwa Walatini, yaani Wakristo wa Ulaya Magharibi. Ilibaki kwa sababu Conrad wa Montferrat, kabaila kutoka kaskazini ya Italia, alifika kwa meli Julai ile ile na kuishika kabla haijasalimu amri.

Guy alipoachiliwa mwaka 1188 alikwenda Tiro kudai mji wake. Conrad akamfungia mlango. Guy, mfalme asiye na mji, akakusanya watu wachache na Agosti 1189 akaenda kuuzingira mji wa Akka. Salahuddin akaja kumzingira yeye. Kwa karibu miaka miwili waliozingira nao wakawa wamezingirwa, wakiishi kwenye mahandaki na matope, wakila walichopata. Maradhi yakauwa watu kwa maelfu. Mwaka 1190 yakamchukua Malkia Sibylla, mke wa Guy, pamoja na binti zao wawili.

Msiba huo ndio uliofungua kesi. Guy hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme. Taji aliipata kwa mkewe. Mke amekufa, watoto wamekufa: ufalme sasa ni wa nani? Guy alisema yeye ni mfalme aliyevikwa taji na kupakwa mafuta, na ujane haumvui mtu utawala. Wapinzani wake, ambao hawakumsamehe Hattin, walisema haki inafuata damu. Damu iliyobaki ilikuwa ya Isabella, ndugu wa Sibylla kwa baba, mama mbalimbali.

Sheria ya nchi iliwaunga mkono wapinzani. Tatizo lao lilikuwa mume wa Isabella.

Humphrey wa Toron

Humphrey, wa nne kwa jina hilo katika ukoo wake, alikuwa kijana wa nasaba nzuri na mwenye elimu. Alijua Kiarabu vizuri kiasi cha kuwa mkalimani katika mazungumzo na kaka yake Salahuddin, al-Adil. Mwandishi mmoja wa Kiingereza anamweleza kama mtu laini, anayefanana na mwanamke kuliko mwanamume, mwenye kigugumizi. Maneno hayo ni ya dharau, lakini yanatuonyesha jinsi wanaume wa kambini walivyomtazama.

Mabwana wa ufalme walikuwa na kinyongo cha zamani zaidi. Mwaka 1186, mfalme mtoto Baldwin wa Tano alipofariki, Sibylla alivikwa taji Yerusalemu na Patriarki Heraclius, mkuu wa Kanisa la mji ule, naye akamvika Guy. Mabwana waliompinga Guy walikusanyika Nablus chini ya Raymond wa Tripoli wakakubaliana kumtawaza Isabella na Humphrey. Mpango ulikuwa tayari. Usiku, Humphrey akapanda farasi, akaenda Yerusalemu na kuapa utii kwa Sibylla. Asubuhi mabwana wakajikuta hawana mgombea. Mmoja mmoja wakaenda kupiga magoti mbele ya Guy, na mwaka uliofuata Guy akawaongoza Hattin.

Kwa hiyo mwaka 1190 hakuna aliyetaka kumpa Humphrey nafasi ya pili. Mimi simhukumu kijana huyo kwa ukali walioutumia wao. Kukataa kuanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, adui akiwa mpakani, si woga tu. Lakini ni kweli pia kwamba mtu aliyekimbia taji mara moja hakuweza kuwatia moyo watu waliokuwa wakifa njaa nje ya Akka.

Mabwana walimtaka Conrad. Na njia pekee ya Conrad kuufikia ufalme ilikuwa kumuoa Isabella.

Kuolewa na kuozwa

Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri: kuna kuolewa, na kuna kuozwa. Isabella aliozwa. Mwaka 1180 kaka yake kwa baba, Mfalme Baldwin wa Nne, yule mwenye ukoma, alimposesha kwa Humphrey. Mtoto alikuwa na miaka 8. Mfalme alikuwa na sababu zake za kiutawala. Mama wa Isabella, Maria Komnene, alikuwa wa ukoo wa kaizari wa Konstantinopoli, na baada ya kufiwa na Mfalme Amalric alikuwa ameolewa na Balian wa Ibelin. Nyumba yenye binti wa mfalme mkononi ilikuwa nyumba ya kuogopwa. Kumwondoa mtoto pale kulipunguza nguvu za Maria na Balian, na katika mapatano hayohayo Humphrey aliiachia serikali ngome zake za urithi, Toron na Chastel Neuf.

Mtoto akapelekwa Karak, ng'ambo ya Yordani, kwenye ngome ya Raynald wa Châtillon, baba wa kambo wa Humphrey. Mkwewe, Stephanie, alimzuia asimtembelee mama yake. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Harusi ilifanyika Karak mwishoni mwa 1183, na Salahuddin akaja kuizingira ngome wageni wakiwa ndani. Inasimuliwa kwamba Stephanie alimpelekea Salahuddin vyakula vya karamu, naye akauliza maharusi wamelala mnara gani, kisha akaamuru mitambo yake ya kurusha mawe isiupige mnara huo. Wasimulizi wengi hukitaja kisa hiki kama mfano wa uungwana wa zama zile. Ninapokisoma namwona bibi harusi mwenye miaka 11 katika mnara huo, mawe yakigonga kuta za jirani, mama yake asijue kama mwanawe yu hai.

Sheria ilisemaje

Hapa inafaa kutua, maana kesi yote imejengwa juu ya jambo hili.

Kanisa la Kilatini halikuwa na talaka kwa maana tunayoijua. Ndoa halali haikuvunjika ila kwa kifo. Lililowezekana ni kuonyesha kwamba ndoa haikuwahi kuwapo, kwamba kulikuwa na kasoro siku ile ilipofungwa. Msomi Gratian wa Bologna alikusanya kanuni za jambo hili karibu mwaka 1140, na Papa Alexander wa Tatu, aliyetawala 1159 hadi 1181, akazikaza. Kiini ni ridhaa. Watoto wangeweza kuposwa tangu miaka 7, lakini ndoa yenyewe ilihitaji msichana awe ametimiza 12 na mvulana 14. Aliyeozwa kabla ya hapo aliweza kukataa akifikia umri. Aliyelazimishwa kwa nguvu au vitisho ndoa yake ilikuwa batili.

Lakini kulikuwa na upande wa pili. Msichana aliyeozwa mapema, akafikia umri, asiseme neno na akaendelea kuishi na mumewe kwa hiari, alihesabiwa kuwa ameridhia. Wasomaji waliopita madrasa watalikumbuka jambo la jirani na hili: kimya cha bikira huchukuliwa kuwa idhini yake. Wanasheria wa Kanisa hawakutegemea kimya cha siku moja. Walitazama maisha ya pamoja, miezi na miaka.

Basi kesi ya Isabella ilikuwa na maswali mawili. Je, mwaka 1183 aliridhia kwa namna inayokubalika? Jibu ni hapana, na ni hapana yenye nguvu: alikuwa na miaka 11, alitolewa kwa mama yake akiwa na 8, na mfalme ndiye aliyeamua. Je, aliridhia baadaye? Hapa upande wa Conrad ulikuwa dhaifu sana. Isabella alitimiza 12 mwaka uliofuata harusi. Humphrey alitekwa Hattin akakaa kifungoni kwa muda, lakini aliporudi walirudiana, na kufika 1190 walikuwa wakiishi hema moja kwa mapenzi. Mwanasheria asiye na upande, akipewa mambo haya mezani, angesema ndoa ilianza na kasoro ikaja ikatengenezwa na wenyewe wawili.

Mwanasheria wa namna hiyo hakuwako kambini.

Watu wenye kanzu

Hukumu ilitegemea wakuu wa Kanisa watatu au wanne, na inatupasa kumjua kila mmoja alikuwa na nini mkononi.

Patriarki Heraclius, mwenye mamlaka ya kawaida juu ya ndoa za ufalme ule, alikuwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyewatawaza Sibylla na Guy, na kama angeweza kusimama kesi ingekwenda polepole zaidi. Badala yake uzito ulimwangukia Baldwin, askofu mkuu wa Canterbury, aliyekuwa amefika kambini Oktoba, mbele ya Mfalme Richard wa Uingereza. Baldwin alikataa katakata. Alisema ndoa ya Isabella na Humphrey ni halali, na atakayeshiriki kumfungisha nyingine atatengwa na Kanisa.

Ni rahisi kumfanya Baldwin shujaa wa kisa. Haki inataka tuseme pia kwamba ukoo wa Lusignan ulikuwa chini ya Richard huko Poitou, magharibi ya Ufaransa, na ushindi wa Guy ulikuwa ushindi wa bwana wake. Hata hivyo hoja zake hazikuwa za kubuni, tena hazikuishia kwa Isabella. Bwana harusi mwenyewe alikuwa na vizuizi. Mwaka 1187, kabla ya kuja Tiro, Conrad alikuwa amemuoa Theodora, dada wa Kaizari Isaac Angelos wa Konstantinopoli. Wapinzani wake walisema Theodora yu hai, na kwamba hata mke wa Italia aliyemtangulia yu hai. Tena William, kaka wa Conrad, alikuwa mume wa kwanza wa Sibylla. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule, undugu wa namna hiyo unaotokana na ndoa ulizuia kuoana. Kumuoa dada wa mke wa kaka yako kulihesabiwa kuwa sawa na kuoa ndugu. Kizuizi hicho kilijulikana kwa kila mtu kambini. Hakuna aliyehitaji shahidi kukithibitisha.

Upande mwingine alikuwepo Ubaldo, askofu mkuu wa Pisa, mjumbe wa Papa katika msafara. Conrad alikuwa amewapa wafanyabiashara wa Pisa haki kubwa Tiro, na Wapisa walikuwa watu wake. Alikuwepo pia Philip wa Dreux, askofu wa Beauvais, binamu wa mfalme wa Ufaransa, aliyejulikana zaidi kwa deraya kuliko kwa joho: baadaye alitekwa vitani na watu wa Richard, na mwaka 1214, tayari mzee, alipigana Bouvines. Hawa wawili walikuwa tayari kutamka ubatili.

Sisemi kwamba waliuza hukumu kwa fedha. Wapinzani walisema hivyo, na maneno ya wapinzani hupimwa. Ninachosema ni kwamba kila askofu aliamua kama bwana wake wa kidunia alivyopenda, na hakuna hata mmoja aliyeamua kinyume.

Ushahidi wa mama

Shahidi mkuu alikuwa Maria Komnene. Aliapa kwamba binti yake alichukuliwa akiwa na miaka 8, kwamba Mfalme Baldwin alilazimisha, kwamba mtoto hakuwa na umri wala hiari. Kila neno la kiapo chake, kwa kadiri tunavyoweza kupima, lilikuwa kweli. Alikuwa mama aliyenyang'anywa mtoto na kunyimwa hata kumwona. Naamini uchungu alioueleza mbele ya maaskofu haukuwa wa kuigiza.

Humphrey alipinga. Alisema Isabella aliridhia. Hapo akasimama kabaila wa Kifaransa, Guy wa Senlis, mnyweshaji mkuu wa mfalme wa Ufaransa, akasema Isabella hakuwahi kuridhia, na yuko tayari kuthibitisha kwa upanga. Akamtaka Humphrey kwenye pambano. Humphrey hakulipokea. Katika desturi ya makabaila, anayekataa pambano amekiri kushindwa, na macho ya kambi yakaona kesi imekwisha.

Tutazame kilichotokea hapo. Swali lilikuwa: mwanamke huyu alikubali au hakukubali? Mwanamke mwenyewe alikuwa hema la pili. Swali likaamuliwa na wanaume wawili, mmoja akitisha na mwingine akinyamaza.

Isabella aliulizwa, lakini si na mahakama. Aliulizwa na mama yake. Baada ya kutolewa katika hema la Humphrey alikaa na Maria, aliyemwambia tena na tena kwamba hawezi kuwa malkia akiwa na mume yule, akamkumbusha usiku wa 1186 na kuukimbia ufalme. Isabella alikataa, kisha akakataa tena. Mwisho alikubali. Yule mwandishi wa Kiingereza, asiyempenda Conrad hata kidogo, anaona hapo ugeugeu wa wanawake. Mimi naona msichana aliyezungukwa na mama, baba wa kambo, Reginald wa Sidoni, Pagan wa Haifa, mjumbe wa Papa na askofu wa Beauvais, katika kambi ambayo hakuwa na njia ya kutoka.

Nguvu iliyobatilisha ndoa ya kwanza ilikuwa ya mfalme mmoja juu ya mtoto. Nguvu iliyofunga ya pili ilikuwa ya ukoo mzima na jeshi zima juu ya mtu mzima. Kama kipimo cha maaskofu kingetumika Novemba 24 kama kilivyotumika juu ya harusi ya 1183, ndoa ya pili isingesimama pia.

Hata hivyo siwezi kumwondoa Maria kwa neno moja tu, la tamaa. Alijua ufalme una nini: bandari moja, kambi moja yenye njaa. Aliona mtu mmoja tu aliyeweza kuushika. Alijua pia, kuliko yeyote pale, maana ya kuolewa kwa ajili ya dola. Yeye mwenyewe aliletwa kutoka Konstantinopoli kuolewa na Amalric mwaka 1167 kwa ajili ya mapatano ya wafalme. Jambo alilotendewa akamtendea bintiye, na yaelekea aliamini anamwokoa.

Askofu Mkuu Baldwin alifariki kambini Novemba 19. Sauti pekee yenye mamlaka ya kuzuia ikanyamaza, na siku tano baadaye askofu wa Beauvais akafungisha ndoa. Siku hiyohiyo Waislamu walivamia waliokuwa nje ya kambi, na Guy wa Senlis, yule wa pambano, akachukuliwa mateka.

Kuna tendo moja la Isabella ambalo halikuamriwa na mtu, kadiri tunavyojua. Mabwana walipomwapia utii kama mrithi wa ufalme, alimrudishia Humphrey ngome za Toron na Chastel Neuf, zile ambazo kijana yule alizitoa mwaka 1180 ili aposeshwe yeye. Ngome zote mbili zilikuwa mikononi mwa Salahuddin. Alichompa ni haki ya karatasi. Lakini ndilo jambo la kwanza alilolifanya alipopata uwezo wa kufanya jambo.

Yaliyofuata

Conrad alimchukua mkewe akarudi Tiro. Baridi ya 1190 kuingia 1191 ilikuwa ya njaa kali kambini, na waliobaki walimlaani kwa kutopeleka chakula. Akka ilianguka Julai 12, 1191, baada ya wafalme wa Ufaransa na Uingereza kuwasili. Wafalme wakasuluhisha: Guy abaki mfalme maisha yake yote, Conrad na Isabella warithi. Aprili 1192 mabwana wakamchagua Conrad moja kwa moja, Guy akaenda Kupro. Tarehe 28 Aprili, kabla hajatawazwa, Conrad aliuawa njiani Tiro na watu wawili wa madhehebu ya Wauaji, tawi la Waismailia. Inasimuliwa kwamba alitoka kwenda kula kwa askofu wa Beauvais kwa sababu Isabella alichelewa bafuni. Akamkuta askofu amekwisha kula, na alikuwa akirudi.

Isabella alikuwa mjamzito. Siku ya nane, Mei 5, aliolewa na Henry, kabaila wa Champagne, mpwa wa wafalme wote wawili.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshajiuliza: eda je? Ndivyo alivyojiuliza Imad ad-Din al-Isfahani, katibu wa Salahuddin. Alishangaa kuona mjane mwenye mimba akiolewa kabla hata ya kuzaa, akamuuliza mtu wao: mtoto atakuwa wa nani? Akajibiwa kwamba atakuwa mtoto wa malkia. Imad ad-Din aliliandika kama ushahidi wa upotovu wa Wafaranji, jina Waarabu walilowaita Walatini. Kisheria lilikuwa jibu sahihi: ufalme ulipita kwa Isabella, na waume zake walikuwa wageni ndani yake. Kwa mwanamke mwenyewe, ambaye alikuwa na miaka 20 na alikuwa ameona damu ya mumewe wiki iliyopita, sheria ya Wafaranji haikuacha hata nafasi ya kulia.

Humphrey alikuwa hai wakati wote huu. Septemba 1192, Richard na Salahuddin walipofunga mkataba, wajumbe waliopelekwa kwa sultani walikuwa Balian na Humphrey, baba wa kambo na mume wa zamani, pamoja. Kama ndoa ya Karak ilikuwa halali, basi mke wa Humphrey alikuwa nyumbani kwa Henry. Hakuna aliyelisema.

Henry alianguka dirishani Akka mwaka 1197 akafa. Isabella akaozwa Aimery de Lusignan, kaka wa Guy, na mwaka 1205 wote wawili wakafariki, yeye akiwa na miaka kama 33.

Kesi inafufuka Champagne

Watoto wa Isabella na Henry waliopata umri walikuwa wasichana wawili, Alice na Philippa. Henry alikuwa mtawala wa Champagne, moja ya majimbo tajiri ya Ufaransa, na alipofia Mashariki jimbo lilipita kwa mdogo wake Theobald. Theobald alifariki 1201 akimwacha mjane, Blanche wa Navarre, aliyemzaa mtoto wa kiume baada ya kifo cha mumewe. Blanche alitawala kwa niaba ya mwanawe, na aliogopa siku ambayo binti za Henry wangekuja kudai cha baba yao.

Njia ya kuwazuia ilikuwa moja: kuonyesha kwamba ni watoto wa nje ya ndoa. Na hilo lingewezekana ikiwa mama yao, siku alipoolewa na Henry, alikuwa bado mke wa Humphrey.

Kwa amri ya Papa Innocent wa Tatu, mjumbe wake Robert de Courçon alisikiliza mashahidi Ufaransa mwaka 1213. Walikuja watu waliokuwa Akka zaidi ya miaka 20 nyuma. Waliapa kwamba Isabella alitenganishwa na mumewe kwa nguvu, bila kutaka.

Hapo ndipo ninapokwama kila ninaposoma kisa hiki. Mwaka 1190 alisema hapana, na neno lake halikuwa na uzito mbele ya maaskofu. Mwaka 1213, miaka minane baada ya kuzikwa, hapana yake ikaandikwa rasmi na mjumbe wa Papa, kwa sababu sasa ilikuwa na manufaa: ingewanyang'anya binti zake urithi. Tena hoja hiyohiyo ingemgusa Maria, mtoto wa Conrad, aliyekuwa amekwisha kuwa malkia wa Yerusalemu na kufariki 1212 akimwachia taji binti mchanga. Mashariki hakuna aliyeigusa. Uhalali ulihojiwa upande wa bahari ulikokuwa na faida, upande wa pili ukaachwa ulale.

Philippa aliolewa na Erard wa Brienne, na kutoka 1216 vita vya urithi vilichoma vijiji vya Champagne hadi mwanzoni mwa miaka ya 1220, Erard alipouza madai yake. Alice, aliyekuwa ameolewa na mfalme wa Kupro, hakuuza. Alikuja Ufaransa mwenyewe, na mwaka 1234 Theobald wa Nne, yule mtoto aliyezaliwa baada ya kifo cha baba, akamlipa livre 40,000 za Tours na pato la livre 2,000 kila mwaka ili aache kudai. Fedha hizo alizipata kwa Mfalme Louis wa Tisa, na badala yake akamwachia mfalme ubwana juu ya Blois, Chartres, Sancerre na Châteaudun.

Mtu halipi fedha kama hizo kwa binti anayeamini ni wa haramu. Lakini mapatano ya 1234 yalikuwa ya fedha na ardhi. Juu ya ndoa iliyofungwa Karak, na msichana aliyekuwa mnarani, hayakusema lolote.